Nusu Mtu

Mlangoni pana kibati, kimegongwa nambari kwa nyundo:
tatu na nusu.
Nyumba njema si mlango, hunena wenye hekima;
lakini huku Glasgow, mwaka huu wa sitini na tisa,
mlango ndio unaohojiwa kwanza.

Bwana Gemmell hubisha saa saba za usiku.
Mimi nyuma yake na taa, na daftari,
na wino ninaoupasha moto kwapani usigande.
Tatu na nusu: yaani watu wazima watatu,
na mtoto mmoja asiyetimiza miaka minane.
Sheria imemkata katikati.
Haikusema ni nusu ipi iruhusiwe kupumua.

Chumba kimoja. Kitanda kimechimbwa ukutani kama shubaka,
wamelala mzungu wa nne,
nyayo za huyu shavuni mwa yule.
Dirisha limezibwa kwa matambara: makaa ni ghali,
nani atamfungulia mwizi wa joto?
"Tatu na nusu," asema Honora Tierney. "Hesabuni."
Nahesabu. Ni watatu kweli, na Nelly wa miaka sita,
macho makubwa, mashavu mekundu
wekundu ule ambao mgeni huudhani siha.
Bwana Gemmell ashukuru, ashika kitasa.

Ndipo kabati likakohoa.

Mtu hujificha. Kikohozi hakifichiki.
Wakatoka: msokota pamba na nduguye,
mvunja mawe kutoka mvunguni, masizi hadi kopeni,
na wawili tukawashusha paani,
theluji ikiwa imewatandikia mabega.
Tisa. Pumzi moja ikipokezanwa vifua tisa
kama kikombe cha arusi, kikombe kisichooshwa.
Nikaandika: faini, shilingi tano.
Honora hakulia. Aliuliza tu,
"Na hawa watano, daftari lako lina kitanda?"

Mchana kazi yangu ni nyingine: nanakili vifo.
Februari, ukurasa wa mia na kumi,
mkono wangu ukaandika kabla ya moyo kusoma:
Tierney, Nelly. Miaka sita. Kifua kikuu.
Safu ya jumla ikanitaka tarakimu.
Nikaandika moja.
Kitabu hiki hakina nusu.

Daktari Ballingall, akinywa chai ofisini,
asema ni damu ya Waayalandi, ni pombe, ni urithi.
Huenda. Mimi si tabibu.
Nilikwenda nyumbani nikaazima bakuli la vifungo
la mke wangu Grizel, mshonaji wa makoti.
Kifungo kimoja, maiti mmoja wa kifua.
Nikavipanga mezani kwa vyumba walimofia:
kimoja, viwili, vitatu, vinne na kuendelea.
Huko kilimani kwenye vyumba vinne, vifungo nilivitia kiganjani.
Safu ya chumba kimoja ilipanda, ikaporomoka,
vikaviringika hadi chini ya jiko.

Nikajionya: wa chumba kimoja ni wengi, lazima wafe wengi.
Nikagawanya kwa kila elfu ya walio hai,
nisije nikausingizia ukuta.
Usiku kucha nikagawanya.
Rundo likapungua, likabaki rundo.
Na Waskoti wa chumba kimoja, wasio na tone la damu ya Ayalandi,
walikuwa humohumo, kifungo juu ya kifungo.

Nilimwonyesha Bwana Gemmell. Alitazama muda mrefu,
akasema, "Basi tuongeze vibati."

Alfajiri Grizel akakunja mikono ya gauni.
"Vipe njia, nina makoti kumi na mawili ya Jumamosi."
Akavizoa vyote bila kutenga safu,
akavitia uzi, akakata kwa meno.

Jumapili kanisani nikaviona,
vimefungwa hadi kidevuni kwenye vifua vipana
vya wenye majumba,
vikipanda, vikishuka,
kila mwenye koti akivuta hewa yake peke yake.